Kuvu la Amboni na Safari Ndefu ya Kulitambua Damuni

Yapata miaka 120 imepita tangu Disemba 1905, alipofariki seremala mmoja wa Martinique katika hospitali ya Ancon huko Panama, na tabibu wa Kimarekani Samuel Darling, aliyeipasua maiti yake akitaraji kukuta kifua kikuu kilichotapakaa mwilini, akaona chini ya darubini vijidudu visivyo na idadi vilivyojazana ndani ya chembe za mwili, kila kimoja kimezungukwa na duara jeupe mithili ya ganda. Mwaka uliofuata aliviita Histoplasma capsulatum, naye aliamini pasi na shaka kuwa ni vimelea vya jamii ya wanyama, jamaa ya wale wa Leishmania.

Mwaka 1912 Mbrazili Henrique da Rocha Lima, aliyekuwa akifanya kazi Hamburg, aliipinga dhana hiyo na kutamka kwamba hicho si kinyama bali ni kuvu. Hoja yake ilikuwa na nguvu, lakini madhali hapakuwa na mtu aliyewahi kukiotesha kiumbe chenyewe, shauri halikukatika, na Darling akafa katika ajali ya gari karibu na Beirut mwaka 1925 kabla ya hukumu kutolewa. Hukumu ilitoka Nashville mwaka 1934, pale mtafiti De Monbreun alipokiotesha kutoka katika damu ya mtoto mgonjwa, kikamea kama ukungu, na haki ikawa ya Rocha Lima.

Mwaka 1945 ilidhihirika kwamba Wamarekani wengi wenye makovu ya mapafu, waliodhaniwa kuwa na kifua kikuu, walikuwa wameguswa na kuvu hili. Ikabaki kazi ya kulitambua kwa damu. Mwaka 1958 mtafiti Heiner alionyesha kuwa maji ya damu ya mgonjwa, yakikutanishwa na antijeni za kuvu katika utando wa agari, huweza kuchora mistari miwili, H na M, iliyo alama ya kingamwili za mgonjwa. Ila kingamwili huchukua majuma kadhaa kujitokeza, na aliyedhoofika kinga huenda asizitoe kabisa. Ndiyo maana mtafiti Joseph Wheat na wenzake, mwaka 1986, waliigeuza njia wakaitafuta antijeni ya kuvu lenyewe katika mkojo na damu. Kwangu mimi hatua hiyo yapita zote kwa manufaa, kwani ndiyo imfaayo mgonjwa wa UKIMWI.

Nasi habari hii yatuhusu hasa, kwa kuwa mwaka 1960 mtafiti Libero Ajello na wenzake walitangaza kuwa kuvu hilo lilipatikana katika mapango ya Amboni, jirani na Tanga, ambamo popo wamejaa na kinyesi chao huurutubisha udongo. Wageni wangali wakiingia humo, ilhali kipimo cha antijeni, kilichotiwa na Shirika la Afya Duniani katika orodha ya vipimo muhimu mwaka 2019, bado ni adimu katika hospitali zetu, na kikohozi kisichopona aghalabu huhesabiwa kuwa kifua kikuu. Wizara na wakuu wa maabara waliotwishwa amana ya afya zetu nawasihi wakilete kipimo hicho, na tabibu akutanaye na mgonjwa wa kifua aliyetoka pangoni amwulize habari za popo kabla ya kumwandikia dawa za kifua kikuu za miezi sita.