Jerikeni Moja Kila Mwezi: Gasoholi ya Muhoroni

Leo naweka programu kando kidogo.

Ukisimama hapa njia panda ya Mamboleo, barabara moja inapanda kwenda Kakamega, nyingine inashika mashariki kupitia Miwani na Chemelil hadi Muhoroni. Nataka kuwasimulia habari ya kiwanda kilichoko huko Muhoroni, maana kilimgusa mzee wangu.

Bei ya mafuta ilipopaa mwaka 1973, na tena 1979, nchi nyingi zilitafuta kitu kingine cha kutia kwenye magari. Brazil ilianza mpango wake wa pombe ya miwa mwaka 1975. Kenya nayo ikajenga Agro-Chemical and Food Company pale Muhoroni, ikaanza kazi 1982. Malighafi ni molasi, ule uji mweusi unaobaki sukari ikishatolewa. Kuanzia 1983, petroli yenye asilimia 10 ya spiriti hiyo ikauzwa Nairobi. Wakaiita gasoholi.

Kinachonifurahisha mimi ni kazi ya hamira kwenye yale matangi. Moli moja ya glukosi ikichomwa hutoa kilojuli 2,803 hivi. Hamira ikiigeuza kuwa moli mbili za ethanoli, hizo zikichomwa hutoa 2,734. Yaani zaidi ya asilimia 97 ya nishati imebaki! Sisi wa kompyuta tungesema faili limegeuzwa umbo na karibu kila kitu bado kimo ndani. Zile kilojuli 69 zilizotoka si za kudharau lakini. Ndizo hulipasha tangi joto, na lisipopozwa hamira inakufa. Na kuikeneka spiriti yenyewe kunakula moto mwingi, msije mkadhani naipigia debe.

Sasa njoo kwenye injini. Lita ya petroli hutoa megajuli 32 hivi, lita ya ethanoli 21 tu. Kuungua ni kuvunja vifungo vya zamani na kufunga vipya na oksijeni, na joto hutoka kwenye hivyo vipya. Ethanoli tayari imebeba oksijeni, zaidi ya theluthi ya uzito wake. Ni kama ukuni ulioungua upande mmoja kabla hujautia jikoni.

Mzee alikuwa dereva Nairobi miaka hiyo. Mwajiri wake, simtaji, aliona mwaka 1984 kwamba gari linakunywa kuliko zamani. Karibu jerikeni moja la lita 20 kila mwezi: linakwenda wapi? Mzee hakuwa na jibu. Akaachishwa kazi, akarudi nyumbani na jina la mwizi wa mafuta.

Juzi nilikuta daftari lake la safari. Mwaka 1982 alitumia lita 600 hivi kwa mwezi. Mwaka 1984, njia zilezile, 620 na ushee. Nikakaa kwenye kompyuta: 0.9 × 32 + 0.1 × 21 = 30.9. Upungufu wa asilimia 3.4. Safari za lita 600 za petroli tupu zinataka lita 621 za gasoholi. Programu ya mistari sita, nikaiendesha mara tatu.

Sidai kwamba huu ni ushahidi wa mahakamani. Ethanoli huongeza okteni, na injini iliyorekebishwa vizuri hurudisha sehemu ya hasara. Kabureta mbovu nayo huizidisha. Ila mzee anasema hakuna aliyewaambia madereva kwamba lita hii si sawa na ile.

Uchanganyaji ulikoma 1993. Kemia haikuwa na kosa, bei ndiyo haikumlipa mzalishaji.

Nilimpigia simu mzee nikamsomea hesabu. Akauliza lita ngapi. Nikasema 21. Akanyamaza, kisha akaniambia nikija nimletee kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, macho yake siku hizi hayaoni ndogo.