Wanga Si Kabohaidreti

Ushauri umezagaa hadi huku Saza, machimboni: ukitaka kupungua, acha wanga. Mfanyabiashara anayeshinda amekaa dukani anamwambia mama lishe aondoe chapati, alete dengu. Akimaliza anashushia chai yenye vijiko vinne vya sukari, akiamini ametii masharti. Simlaumu. Namlaumu aliyemtafsiria.

Wanga wa asili ni ule unga mweupe unaokamuliwa kwenye viazi vya mmea uitwao uwanga, ndio uliolipa neno maana yake ya leo: unga wa muhogo, wa mahindi, hata ule unaotiwa nguo zikasimama. (Ndugu yake wa kuwanga usiku tumwache na shughuli zake.) Sukari ina ukoo mwingine wa jina: ilianza na sharkara ya Kisanskriti, ikapita Uajemi na Uarabuni ndipo ikatufikia. Sukari si wanga, wala nyuzinyuzi za mbaazi si wanga. Ila vyote vitatu mkemia huviweka kapu moja, la kaboni na maji: glukosi ina kaboni 6, hidrojeni 12 na oksijeni 6, hidrojeni mbili kwa kila oksijeni, kama yalivyo maji.

Kamati fulani zikatupa “kabohaidreti”, neno la kutafuna kama mfupa, kisha zikachoka, zikaandika kwenye mabano “wanga”. Mimi nilipendekeza “kabomaji”. Mheshimiwa mmoja akanijibu kikaoni kwamba linasikika kama jina la samaki. Afadhali samaki anayejieleza kuliko mfupa usiomezeka.

Kuhusu mlo wenyewe, kwa ufupi: Wahindi, waliotupa chapati pamoja na jina lake, huila na dengu na mboga. Dengu kavu nazo ni kabomaji kwa zaidi ya nusu ya uzito wake, lakini zina nyuzinyuzi na protini, hivyo hushibisha muda mrefu. Anayetaka kupungua apunguze wali na chapati, aongeze dengu na mboga, aache jalebi na chai ya sukari, achunge samli: gramu yake moja ina kalori 9, ya kabomaji 4.

Wahariri wa vitabu vya shule, andikeni wanga pale tu mnapomaanisha wanga. Kama samaki wangu anawatisha, bakini na kabohaidreti yenu, lakini yale mabano yafuteni.