Mang'amung'amu ya Kuamka

Mang'amung'amu ya kuamka ni uzito wa akili unaomkaa mtu punde tu atokapo usingizini. Macho yamefunguka, lakini sehemu ya mbele ya ubongo, inayopima na kuamua, huchelewa kuzinduka kuliko nyingine. Kwa kawaida hali hii huisha ndani ya dakika 15 hadi 60. Humzidi aliyeamshwa katikati ya usingizi mzito, hasa kabla ya alfajiri.

Huko Illasit, mji wa kaunti ya Kajiado unaopakana na Tarakea ya Tanzania, dereva wa lori aliyelala kwenye kebini akisubiri kuvuka yumo hatarini kweli: asiondoshe gari papo hapo aamkapo. Kahawa husaidia, ila huhitaji kama nusu saa. Usingizi wa dakika 10 hadi 20 huacha uzito mdogo.