Fundi Cherehani Aliyefungua Daftari la Saratani ya Ukoo

Leo sileti mshono wala mapishi. Naleta historia, na mkifika mwisho mtajua kwa nini fundi cherehani wa Sombetini, Arusha, ameichagua hii badala ya nyingine.

Mwaka 1895, katika mji wa Ann Arbor, jimbo la Michigan huko Marekani, alikuwepo mshonaji mmoja aitwaye Pauline Gross. Familia yake ilitoka Ujerumani. Miongoni mwa watu aliozungumza nao alikuwepo Dakta Aldred Scott Warthin wa Chuo Kikuu cha Michigan, mtaalamu wa kuchunguza vipande vya nyama ya mwili kwa hadubini ili kujua ugonjwa. Pauline alimwambia jambo ambalo wengi wetu tungelificha. Alisema kwa sasa ni mzima, lakini anajua atakufa mapema kwa saratani ya kizazi au ya tumbo, kwa sababu ndivyo walivyokufa wengi wa kwao.

Mwenye kushona anaelewa. Mteja akisimama kupimwa kiuno, anaeleza ya moyoni. Safari hii fundi ndiye aliyeeleza, na alibahatika kumpata msikilizaji. Warthin hakumwambia aache mawazo mabaya. Alimwomba wafuatilie pamoja. Pauline akaanza kukusanya habari za ukoo wake: nani kazaliwa na nani, nani kaumwa nini, kafa akiwa na umri gani.

Mwaka 1913 Warthin alichapisha matokeo. Ukoo aliuita Familia G, ili kuwasitiri. Kati ya wazao 48 wa babu mmoja aliyekuwa na saratani, 17 walikuwa wamekufa kwa saratani au kufanyiwa upasuaji wake. Kumi kati yao ilikuwa saratani ya mfuko wa uzazi, na saba ya tumbo. Idadi kama hiyo kwa ukoo mmoja si bahati mbaya tu.

Pauline alifariki mwaka 1919 kwa saratani ya mfuko wa uzazi, akiwa na miaka 46. Alivyosema ndivyo ilivyokuwa. Lakini daftari alilolianzisha halikuzikwa naye.

Miaka ya kungoja

Mtu angedhani dunia ilishtuka. Haikushtuka. Warthin aliongeza habari za familia hiyo mwaka 1925, akafariki 1931, na wenzake wa chuoni wakaendelea kidogo. Madaktari wengi waliamini saratani inatokana na mazingira: moshi, kemikali, virusi. Wakisikia ukoo mzima umeumwa, walijibu kwamba watu wa nyumba moja hula chungu kimoja.

Pia tuseme ukweli kuhusu zama zile. Somo la urithi lilichafuliwa na watu waliotaka kuamua nani anafaa kuzaa na nani hafai, na majimbo kadhaa ya Marekani yalitunga sheria za kuwafunga watu uzazi kwa nguvu. Kwa hiyo hofu ya familia kusema "sisi tuna ugonjwa wa ukoo" haikuanzia kwetu. Ilikuwa na sababu zake.

Mwaka 1962, huko Omaha, jimbo la Nebraska, daktari kijana Henry Lynch aliitwa kumwona mgonjwa mlevi. Mgonjwa akamweleza kwamba anakunywa kwa sababu anajua atakufa kwa saratani kama ndugu zake wote. Lynch mwenyewe alikuwa mtu wa pekee. Aliingia jeshi la majini akiwa na miaka 16 kwa karatasi za mtu mwingine, akawa bondia, ndipo akasoma. Pamoja na mfanyakazi wa ustawi wa jamii, Anne Krush, alianza kuwatafuta ndugu wa mgonjwa yule mmoja mmoja. Mwaka 1966 walichapisha habari za koo mbili kubwa zenye sura ileile.

Baadaye Chuo Kikuu cha Michigan kilimkabidhi Lynch nyaraka za Familia G. Mwaka 1971 yeye na Krush walichapisha ukoo wa Pauline upya, kuanzia 1895 hadi 1970. Hata hivyo maombi yake ya fedha za utafiti yalikataliwa mara kwa mara, na wapo waliosema anapoteza muda.

Hoja yake ilisimama kwenye mambo ambayo hata mimi nisiye daktari nayaelewa. Kama ni chungu kimoja, mbona waume na wake walioolewa ndani ya ukoo hawaumwi kwa wingi kama wenye damu? Mbona ugonjwa unapita kwa mzazi kwenda kwa takriban nusu ya watoto, wa kike na wa kiume? Mbona unawashika wakiwa na miaka 40 na kitu, wakati watu wengine huupata uzeeni? Leo hali hiyo inaitwa sindromu ya Lynch.

Mkaguzi aliyekosekana

Jibu la ndani ya mwili lilipatikana mwaka 1993, watafiti walipoigundua jeni iitwayo MSH2. Mwaka 1994 wakaigundua nyingine, MLH1. Zikafuata MSH6 na PMS2.

Nieleze kwa lugha ya kazi yangu. Kila chembe ya mwili ikijigawa, hunakili maagizo yote ya vinasaba, kama fundi anavyonakili kipande cha karatasi kabla ya kukata kitambaa. Kwenye kunakili, makosa madogo hutokea. Mwili una wakaguzi wa kupita nyuma, kufumua palipokosewa na kushona upya. Jeni hizi nne ndizo zinazotengeneza wakaguzi hao.

Kila mtu ana nakala mbili za kila jeni, moja ya baba na moja ya mama. Mwenye sindromu ya Lynch amezaliwa na nakala moja mbovu. Ile nzima inamtosha kwa miaka mingi. Siku ikiharibika na hiyo ndani ya chembe moja, mkaguzi hayupo tena, makosa yanarundikana, na hapo saratani huweza kuanza. Huanza zaidi kwenye utumbo mpana na mfuko wa uzazi, na pia kwenye ovari na tumbo. (Msichanganye na saratani ya shingo ya kizazi, ambayo husababishwa na virusi.) Kila mtoto wa mwenye nakala mbovu ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi. Asiyeirithi hana cha kuwapa watoto wake.

Mwaka 2000 kosa lenyewe la Familia G lilipatikana, ndani ya MSH2. Tangu Pauline aseme neno lake ilikuwa imepita miaka 105.

Si saratani zote za utumbo ni za namna hii. Katika kila wagonjwa 100, kama watatu tu ndio wa Lynch. Ipo pia aina nyingine ya kurithi ambapo vinyama huota kwa mamia ndani ya utumbo tangu ujanani. Hospitali ya St Mark's ya London ilianza kuandikisha familia zake mwaka 1924, na jeni yake, APC, ikajulikana 1991.

Na huku Afrika?

Kwetu hadithi ilichelewa kwa sababu nyingine. Dakta Denis Burkitt, aliyefanya kazi miaka mingi hospitali ya Mulago, Kampala, aliandika mwaka 1971 kwamba saratani ya utumbo mpana ni adimu kwa Waafrika kwa sababu ya vyakula vyetu visivyokobolewa. Ushauri wa kula nafaka nzima na mboga bado ni mzuri. Lakini wazo la "ugonjwa wa wazungu" lilibaki vichwani, hata kwa walioko upande wa matibabu. Dona haiwezi kuitengeneza nakala mbovu ambayo mtu amezaliwa nayo.

Afrika Kusini ndiko tunakopata mfano wa karibu. Profesa Raj Ramesar na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cape Town walikuta familia nyingi za upande wa Northern Cape zikiwa na kosa moja lilelile katika MLH1. Vijiji vyao viko mbali na hospitali kubwa, basi madaktari wakawa wanasafiri kila mwaka na vifaa vya kolonoskopi, yaani kamera nyembamba inayopitishwa njia ya haja kubwa kukagua utumbo. Ikikuta kinyama, kinakatwa papo hapo kabla hakijawa saratani.

Mwaka 2009 walitoa hesabu ya watu 178 wenye kosa hilo. Waliokubali kukaguliwa walikuwa 129, na wasiokaguliwa 49. Kwa waliokaguliwa, saratani ya utumbo mpana iliwapata 11 katika kila 100, na 2 katika 100 wakafa nayo. Kwa wasiokaguliwa, iliwapata 27 katika 100, na 12 katika 100 wakafa. Jeni ni ileile, na tofauti yao ilikuwa kukaguliwa.

Daftari langu

Sasa ya kwetu. Bibi yangu mzaa mama alitoka Wete, Pemba, akaolewa bara. Alikufa na "tumbo". Mama yangu mdogo alikufa akiwa na miaka 44, saratani ya mfuko wa uzazi. Mjomba alifuata akiwa na 41. Yeye alitibiwa bawasiri kwa karibu miaka miwili, dawa juu ya dawa, anatoa damu chooni na hakuna aliyemwingiza kipimo. Walipoona uvimbe ulikuwa umeshasambaa. Nyumbani ikasemwa ni ugomvi wa shamba, kuna mkono wa mtu. Ndugu wa pande mbili hawaongei mpaka leo.

Mwaka jana kaka yangu, miaka 39, alikutwa na uvimbe wa utumbo mpana. Alifanyiwa upasuaji, Alhamdulillah yupo. Daktari aliyemhudumia ndiye wa kwanza kuuliza: "Nani mwingine kwenye ukoo?" Nilikuwa na daftari la vipimo vya wateja kwenye mkoba. Nikalifungua ukurasa wa nyuma, nikaanza kuandika. Watu saba, mistari saba. Kuona majina yale kwenye karatasi moja kulinitetemesha kuliko msiba wowote.

Mama alinisihi ninyamaze. Mdogo wangu ameposwa, na akasema hakuna atakayeoa nyumba yenye maradhi ya ukoo. Simlaumu. Lakini nilimwambia, uchawi tulioutangaza mtaa mzima umetusaidia nini? Nilimweleza mdogo wangu mimi mwenyewe, na yeye akachagua kumwambia mchumba wake. Bado tunasubiri upande ule watasema nini. Mama ameniruhusu kuandika haya bila majina.

Vipimo vya jeni si vya kawaida katika hospitali zetu za mikoa. Ila swali la ukoo halina gharama, na kolonoskopi inapatikana katika hospitali kubwa, kama KCMC kule Moshi. Mimi nimepangiwa tarehe baada ya msimu wa sare za shule. Naogopa, sitadanganya.

Kwa hiyo dada zangu, ulizeni wazee wangali hai: nani aliumwa nini, sehemu gani ya mwili, akiwa na umri gani. Andikeni upande wa mama na upande wa baba. Mkikuta ndugu wawili watatu wa damu wenye saratani ya utumbo au mfuko wa uzazi, hasa kabla ya miaka 50, pelekeni karatasi hiyo kwa daktari. Damu chooni, choo kilichobadilika wiki kwa wiki, au damu ukeni baada ya kukoma hedhi, msiyamalize kwa dawa za dukani.

Ajali iko mikononi mwa Mwenyezi Mungu, hilo halina ubishi. Lakini tumefundishwa kumfunga ngamia kwanza, kisha kutawakali. Pauline alilifunga lake kwa kuandika, na wajukuu wa ukoo wake wanaendelea kupimwa na kuishi.

Niombeeni dua kwa tarehe yangu. Mkiwa na nafasi leo jioni, mpigieni simu shangazi.