Mpango wa Marshall

Mpango wa Marshall ulikuwa msaada wa kiuchumi uliotolewa na Marekani kwa Ulaya Magharibi baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Waziri wa Mambo ya Nje, George C. Marshall, aliutangaza katika Chuo Kikuu cha Harvard tarehe 5 Juni 1947. Rais Harry S. Truman alitia saini sheria yake tarehe 3 Aprili 1948. Hadi mwisho wa 1951 zilitolewa takriban dola bilioni 13, nyingi zikiwa ruzuku, kugharamia chakula, mafuta, mbolea na mashine. Uingereza ilipata fungu kubwa kuliko zote. Marekani ililenga pia kuzuia kuenea kwa ukomunisti. Umoja wa Kisovyeti uliukataa mpango huo na kuzizuia Poland na Chekoslovakia kujiunga. Marshall alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1953.