Mtoto Amwuguzaye Mzazi: Habari za Kagera

Katika Kiswahili, kutokana na neno kuugua twapata kuuguza, yaani kumtunza mtu katika ugonjwa wake. Atendaye kazi hiyo hospitalini huitwa mwuguzi, naye ana mafunzo, zamu na mshahara. Lakini mtoto atendaye kazi ile ile nyumbani hana jina. Kukosa jina huko kuna madhara, nasi twapenda kuyaonyesha kwa habari za nchi ya Wahaya, magharibi ya Ziwa Viktoria.

Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera. Desturi yamweka mgonjwa mikononi mwa ukoo wake. Lakini ugonjwa huu uliwachukua watu wa makamo, hao hao ambao wangaliuguza wengine. Wakabaki mabibi na wajukuu. Mara nyingi mtoto ndiye aliyeteka maji, akapika uji, akamgeuza mamaye kitandani na kufua nguo zake. Na shuleni akafika amechelewa, au asifike kabisa.

Mwaka 1989 Kanisa la Kilutheri, Dayosisi ya Kaskazini Magharibi, lilianzisha HUYAWA, yaani Huduma ya Watoto. Mwaka 2000 yatima wa Nshamba, wilaya ya Muleba, waliunda chama chao wenyewe, Vijana Simama Imara, wapate kufarijiana na kusaidiana. Hizo ni kazi njema. Walakini jina yatima hupewa mtoto baada ya maziko, hali mzigo wake ulianza siku mzazi alipolala. Msaada ungojao maziko huenda ukamkuta amekwisha kuacha shule.

Tangu mwaka 2004 serikali ilianza kutoa bure dawa za kupunguza makali ya virusi. Mzazi aliyezipata mapema aliweza kuinuka na kushika jembe. Hivyo dawa ya mzazi ikawa msaada wa mtoto pia.

Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990, katika kifungu cha 31, wamwagiza mtoto kuwasaidia wazazi wake wenye shida, ila kwa kadiri ya umri na uwezo wake. Maneno hayo ya mwisho yatuhusu sisi walimu na wachungaji, maana wahenga walisema: Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Basi mtoto achelewapo, kabla ya kumwadhibu, tumwulize kwa upole: Nyumbani ni nani mgonjwa?