Manchester United: uaminifu wa mashabiki chini ya Glazer
Uaminifu wa mashabiki, yaani mapenzi kwa klabu yasiyotegemea ushindi, si sawa na imani kwa mmiliki, na tofauti hiyo ilidhihirika Manchester United iliponunuliwa mwaka 2005 na familia ya Glazer ya Marekani, kwa sehemu kubwa kwa mikopo ambayo mzigo wake ulitwishwa klabu yenyewe. Baadhi ya mashabiki walijitenga, wakaunda klabu mpya, FC United of Manchester, inayomilikiwa na wanachama wenye kura moja kila mmoja. Wengine wengi walibaki kwenye uwanja wa klabu, Old Trafford, na mwaka 2010 walivaa kijani na dhahabu, rangi za Newton Heath, jina la klabu hadi 1902; huo ulikuwa upinzani unaostahili heshima kwa kuwa haukuisaliti timu. Mfanyabiashara Mwingereza Jim Ratcliffe aliponunua hisa za klabu mwaka 2024, akina Glazer walibaki na kura nyingi.